Vumbi la angani kwenye Python: dust_extinction hukataa, dustmaps hukubali kila kitu

Zeta Ophiuchi hupita karibu na utosi kwa mtu aliyeko Dar es Salaam, digrii nne hivi pembeni. Mng'ao wake ni magnitudi 2.56 (kadiri namba inavyokuwa ndogo, ndivyo nyota inavyong'aa zaidi). Nyota ya aina yake, O9.5, yaani yenye joto kali na buluu, inapaswa kuwa na rangi ya B−V (magnitudi katika filta ya buluu, B, toa ile ya filta ya V, ya kijani-njano) ya takriban −0.30, lakini hii ina 0.02. Hizo 0.32 zilizozidi ni kazi ya vumbi lililo njiani. Zizidishe kwa 3.1, utapata 0.99: katika filta ya V, asilimia 40 tu ya mwanga wake ndiyo inayotufikia. Vumbi hilo lingeondoka, nyota hii ingekuwa na magnitudi 1.57, na hata mtu asiyejua nyota angeiuliza jina.

Hesabu kama hiyo humalizwa kwa kikokotoo cha simu. Programu huhitajika pale unapokuwa na spektra nzima kuanzia urujuanimno hadi infraredi, au nyota elfu kumi kwa mkupuo. Maktaba tatu za Python ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi hii, zote bure na chanzo huria: dust_extinction ya Karl Gordon na wenzake, extinction ya Kyle Barbary, na dustmaps ya Gregory Green. Mbili za kwanza hujibu swali moja: ukishajua vumbi ni kiasi gani, kila urefu wa wimbi hufifia kiasi gani? Ya tatu hujibu lile linalotangulia: upande huu wa anga, vumbi ni kiasi gani?

Kabla ya yote, herufi zisichanganywe. A(V) ni magnitudi zilizopotea katika filta ya V. E(B−V) ni ziada ya wekundu, yaani tofauti ya kilichopotea katika B na kilichopotea katika V. R(V) ni A(V) gawanya kwa E(B−V). Wastani wake katika Njia Nyeupe, galaksi yetu, ni 3.1, lakini ndani ya mawingu mazito chembe hukua na R(V) hupanda hadi 5 na zaidi. Makosa mengi tutakayoyataja yanatokana na mtu kutia moja ya hizi mahali pa nyingine.

dust_extinction

Kuisakinisha ni mstari mmoja, `pip install dust_extinction`, na inategemea numpy, scipy na astropy tu. Hakuna data ya kupakua baadaye, jambo la maana kwa anayetumia bando la simu. Matumizi ya kawaida ni haya:

`from dust_extinction.parameter_averages import G23`
`import astropy.units as u`
`ext = G23(Rv=3.1)`
`flux_safi = flux / ext.extinguish(wave*u.AA, Ebv=0.32)`

Amri ya `extinguish` hurudisha sehemu ya mwanga iliyosalia, namba kati ya 0 na 1. Kwa hiyo kuondoa athari ya vumbi ni kugawanya, na kuiongeza kwenye modeli ya nyota ni kuzidisha. Ukigeuza hayo mawili hakuna kosa litakalojitokeza kwenye skrini. Utapata nyota nyekundu zaidi badala ya buluu zaidi, basi chora spektra kabla na baada. Jicho litaona mara moja.

Kilichotuvutia zaidi ni ukali wake. Kila modeli ina mipaka yake na haiombi radhi. CCM89, ile ya Cardelli, Clayton na Mathis ya mwaka 1989, hufanya kazi kuanzia mikromita 0.1 hadi 3.3. Ukiipa mikromita 5, inasimama na kukwambia uko nje ya eneo lake. G23, ile ya Gordon na wenzake ya mwaka 2023, inafika mbali zaidi, kuanzia mikromita 0.0912 hadi 32, na R(V) yake lazima iwe kati ya 2.3 na 5.6. Wanafunzi hulalamika kwamba maktaba hii "inagoma". Na igome. Fomula ya CCM89 ukiiandika mwenyewe na kuivuta hadi mikromita 10 itakupa namba laini inayopendeza, ilhali hapo pana nundu pana ya silikati ambayo fomula hiyo haiijui kabisa.

Ukali huo una matundu mawili, na yote tunayahesabu kuwa kasoro. La kwanza ni vizio. Ukipitisha urefu wa wimbi bila kizio, programu huchukulia kuwa umetoa kinyume cha mikromita. Aliyeandika 5500 akimaanisha angstromu atasimamishwa, kwa sababu namba hiyo iko nje ya mipaka. Aliyeandika 0.55 akimaanisha mikromita atapitishwa, kwa onyo tu. Programu itasoma mikromita 1.8, na mahali alipotarajia A(λ)/A(V) ya 1 atapewa 0.15 au karibu na hapo. Onyo hilo huzama kwa urahisi katikati ya maonyo mengine, hasa kwenye daftari la Jupyter. Zoea kuandika `*u.AA` au `*u.micron` kila mara, hata pale unapoona ni kujisumbua.

La pili: ukitoa `Av` na `Ebv` kwa pamoja, hutumia `Av` na kuiacha nyingine kimya kimya. Hapa ilipaswa kukataa.

Modeli ipi ichaguliwe? Kwa kazi mpya ndani ya galaksi yetu, G23. Imejengwa kutokana na spektra na inaunganisha urujuanimno na infraredi bila kiraka katikati. F99 ya Fitzpatrick bado ni nzuri, na unaihitaji unapolinganisha na makala za nyuma. CCM89 itumie kwa kurudia matokeo ya wengine tu. Kwa Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo jirani zetu, ipo mikunjo yake ya wastani (mkunjo ni grafu ya ufifishaji kwa kila urefu wa wimbi), `G03_SMCBar` ya Wingu Dogo na `G03_LMCAvg` ya Wingu Kubwa, na hapa tofauti si ya kupuuzwa. Nundu kubwa ya ufifishaji iliyoko karibu na angstromu 2175 kwenye Njia Nyeupe karibu haipo kabisa katika Wingu Dogo. Ukisahihisha nyota ya Wingu Dogo kwa mkunjo wa Njia Nyeupe, utatengeneza kilima bandia katika urujuanimno na kuanza kukitafutia maelezo. R(V) ya mkunjo huo wa Wingu Dogo ni 2.74, nao umewekwa ndani. Si wa kubadilisha.

Kuna pia sehemu iitwayo `grain_models`, yenye mikunjo iliyokokotolewa kutokana na chembe zenyewe, zile za silikati na kaboni: WD01, ZDA04, HD23 na nyingine. Inafaa sana kwa kufundishia. Wanaotaka kupima nundu wenyewe watumie `FM90` iliyo katika `shapes`: ina vigezo sita, kitovu cha nundu ni xo, ambacho huanzia 4.59 kwa kinyume cha mikromita, na upana wake ni gamma. Inaungana moja kwa moja na zana za kulinganisha za astropy. Usiuachie huru upana na kitovu kwa wakati mmoja kama spektra yako ina kelele nyingi. Vigezo vitakimbizana na jibu litakuwa la bahati nasibu.

Kasi ni wastani. Ukiita `extinguish` mara laki moja ndani ya MCMC, njia ya kutafuta vigezo kwa sampuli nyingi za nasibu, utasubiri sana bila sababu. Kama R(V) yako haibadiliki, kokotoa `ext(wave)` mara moja tu nje ya mzunguko, maana hiyo ndiyo A(λ)/A(V), kisha ndani ya mzunguko zidisha kwa A(V) na upandishe 10 kwa kipeo cha −0.4 mara matokeo. Jibu ni lile lile.

extinction

Hii ni ndogo, imeandikwa kwa Cython, na ni nyepesi kuliko dust_extinction. Unaandika `extinction.fitzpatrick99(wave, 1.0, 3.1)` na unapata magnitudi, kisha `apply` au `remove` kwa ajili ya spektra. Jina la amri linasema linachofanya, na hilo tunalipenda. Urefu wa wimbi ni kwa angstromu, na safu lazima iwe ya desimali: `np.array([4000, 5000])` itagoma kwa ujumbe wa kutatanisha kuhusu aina ya data, ilhali `np.array([4000., 5000.])` itapita. Nukta mbili tu. Namba ya pili ni A(V), si E(B−V), na ukikosea hapo hakuna atakayekwambia. Hailindi mipaka kama mwenzake na haina mikunjo mipya kama G23. Kwa msimbo wa supanova unaokokotoa filta zile zile mara milioni, bado ina nafasi yake. Kwa anayeanza leo, hapana.

dustmaps

Hapa ndipo uhakiki huu ulipo hasa, maana ndipo watu hupotea.

Usakinishaji kwanza. dustmaps hutumia healpy, na healpy haijatengenezwa kwa Windows. Kwenye laptopu ya Windows pitia WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows), au tumia Colab, daftari la Google la mtandaoni. Kwenye Colab kumbuka kuwa faili hupotea kikao kinapoisha, hivyo elekeza hifadhi kwenye Drive:

`from dustmaps.config import config`
`config['data_dir'] = '/njia/ya/folda'`
`import dustmaps.sfd`
`dustmaps.sfd.fetch()`

Ramani ya SFD, ile ya Schlegel, Finkbeiner na Davis ya mwaka 1998, ni faili mbili za takriban megabaiti 67 kila moja, moja ya kaskazini na moja ya kusini mwa galaksi. Hilo bando linalibeba. Bayestar, ramani ya vipimo vitatu inayojua na umbali, ni mamia ya megabaiti na inahitaji RAM ya kutosha; ramani ya Edenhofer, nayo ya vipimo vitatu, ni gigabaiti kadhaa. Kwa nyota chache usipakue chochote: `BayestarWebQuery` na `SFDWebQuery` huuliza seva na kurudisha jibu tu. Kwa darasa la wanafunzi thelathini wenye Wi-Fi moja ya chuo, hiyo ndiyo njia.

Baada ya hapo, kila kitu ni rahisi mno. Unatoa `SkyCoord`, unapata namba. Na namba hiyo haina kizio, haina jina, haisemi imepimwa kwa kipimo cha nani. Kila ramani ina kipimo chake:

SFD hutoa kitu kinachoitwa E(B−V), lakini Schlafly na Finkbeiner walionyesha mwaka 2011 kuwa kimezidi kwa asilimia 14. Kwa R(V) ya 3.1, A(V) ni 2.742 mara namba ya SFD, si 3.1 mara. Tuseme ramani imetoa 0.50. Njia sahihi inatoa A(V) ya 1.37. Anayezidisha kwa 3.1 anapata 1.55. Anayejua habari ya asilimia 14 akaanza kuzidisha kwa 0.86, kisha akatumia 2.742 ambayo tayari ina sahihisho hilo ndani yake, anapata 1.18. Watu watatu, ramani moja, majibu matatu. Kosa la magnitudi 0.18 peke yake husogeza umbali wa nyota kwa asilimia 9.

Bayestar2019 ina kizio chake cha pekee. Kupata ufifishaji katika filta za Pan-STARRS zidisha kwa 3.518 kwa g na 2.617 kwa r. Tofauti yake, 0.901, ndiyo inayokupa E(g−r). Kuichukulia namba hiyo ghafi kuwa E(B−V) kunaweza kuleta kosa la zaidi ya asilimia kumi. Edenhofer nayo zidisha kwa 2.8 upate A(V), na usipoandika `integrated=True` unapokea msongamano wa vumbi mahali pale, si jumla ya vumbi hadi pale. Tumeona namba za msongamano zikichorwa kama ufifishaji, na mchoro ulikuwa wa kupendeza kweli.

Ingetosha maktaba irudishe kiasi chenye kizio cha astropy na lebo ya ramani. Haifanyi hivyo. Maelezo yapo kwenye nyaraka, lakini nyaraka husomwa baada ya kuharibika.

Mtego mkubwa kuliko wote ni hali ya Bayestar ya chaguo-msingi. Usipoandika `mode`, hupewi kadirio bora wala wastani. Unapewa sampuli moja ya nasibu. Endesha msimbo mara mbili, upate majibu mawili. Kitakwimu kuna sababu nzuri, kwa mtu anayetaka kusambaza makosa ya kipimo katika hesabu yake yote. Kwa mtumiaji wa kawaida ni shimo lililofunikwa kwa majani. Andika `mode='median'`, au `mode='percentile', pct=[16., 50., 84.]` kama unataka na mipaka ya shaka. Ongeza `return_flags=True` na usome `converged` na `reliable_dist`; namba isiyo na alama hizo mbili safi isiingie kwenye jedwali.

Umbali ni jambo jingine. SFD hujumlisha vumbi lote hadi ukingo wa galaksi, likiwemo lililo nyuma ya nyota yako. Chukua Kilimia, kishada cha nyota kilicho umbali wa parseki 136 au karibu na hapo (parseki moja ni miaka ya nuru 3.26): ufifishaji wake wa kweli ni mdogo, E(B−V) ya takriban 0.04. Ramani isiyojua umbali haiwezi kukupa hiyo, kwa sababu nyuma ya Kilimia kuna vumbi la Fahali na la mbali zaidi, nayo hulibandika lote kwenye kishada. Kwa nyota zilizo ndani ya Njia Nyeupe tumia ramani ya vipimo vitatu na uweke `distance` ndani ya `SkyCoord`. Usipoiweka, Bayestar2019 hukupa safu ya namba 120, moja kwa kila hatua ya umbali kutoka parseki 63 hadi kiloparseki 63. SFD ibaki kwa galaksi za nje, mbali na ukanda wa galaksi yetu. Ndani ya digrii 5 za ukanda huo isitegemewe, wala juu ya Mawingu ya Magellan, ambayo hayakuondolewa kwenye ramani yenyewe.

Na kwa sisi wa huku, ukomo wa Bayestar ni maumivu. Imejengwa kwa darubini ya Pan-STARRS iliyoko Hawaii, hivyo inaishia mwinamo (pembe kutoka ikweta ya anga) wa −30°. Msalaba wa Kusini, ambao toka Mombasa hadi Mtwara watu huutazama kila mwaka, uko karibu na −60°, pamoja na doa jeusi la Coalsack lililo kando yake, mfano bora wa vumbi ambao mwanafunzi anaweza kuonyeshwa bila darubini. Ukiiuliza Bayestar kuhusu Coalsack, haitoi kosa. Inarudisha NaN, yaani alama ya "si namba". Mtu akitumia `np.nanmean` kwenye orodha yake, nyota zote za kusini hutoweka na wastani hubaki ukitabasamu. Kwa upande huo tumia Edenhofer, inayofunika anga lote kutoka parseki 69 hadi kiloparseki 1.25. Coalsack iko ndani ya umbali huo.

Kuziunganisha

Mtiririko tunaoupendekeza: namba kutoka dustmaps, igeuzwe kuwa A(V) kwa mgawo wa ramani hiyo hiyo, kisha A(V) hiyo iingie dust_extinction kwa jina lake, `Av=`, si `Ebv=`. Ukipitisha `Ebv=`, programu huizidisha kwa R(V) uliyoweka, na kila ukibadilisha R(V) kiasi cha vumbi hubadilika chini ya miguu yako. Tazama mfano wa CCM89 kwenye mikromita 0.217, juu ya ile nundu. Ukishikilia A(V) ya 1, kutoka R(V) ya 3.1 kwenda 5 ufifishaji hushuka kutoka magnitudi 3.19 hadi 1.97. Huo ni mabadiliko ya umbo la mkunjo peke yake. Ukishikilia E(B−V), umbo na kiasi hubadilika pamoja, na hutajua lipi limefanya nini.

Mikunjo hii hutoa jibu la urefu mmoja wa wimbi, filta si urefu mmoja wa wimbi. Kwa filta nyembamba, kutumia katikati yake kunatosha. Kwa filta G ya Gaia, chombo cha angani kilichopima nyota, inayoanzia nanomita 330 hadi 1050, haitoshi hata kidogo: nyota ya buluu na nyota nyekundu zilizo nyuma ya vumbi lile lile hupoteza magnitudi tofauti. Chukua spektra ya modeli ya nyota, izidishe kwa `extinguish`, ipitishe kwenye filta, kisha linganisha na ile isiyo na vumbi. Fanya hivyo kwa joto tano au sita za nyota na utengeneze jedwali. Ni mistari kumi ya msimbo.

Kwa galaksi za mbali, vumbi la Njia Nyeupe liondolewe kwanza kwa urefu wa wimbi kama ulivyopimwa, kabla ya kurudisha spektra nyuma kwa mhamo mwekundu. Vumbi la galaksi yenyewe lifuate baadaye, na huko nyota zimechanganyika na vumbi, mwanga mwingine hutawanywa na kurudi njiani, hivyo kanuni ni nyingine: kuna maktaba ndugu, dust_attenuation, yenye modeli kama ya Calzetti ya mwaka 2000 ambayo R(V) yake ni 4.05.

Kwa alama tungeipa dust_extinction tisa juu ya kumi, ikipoteza moja kwa zile 0.55 zisizo na kizio. extinction sita. dustmaps ina ramani zisizo na mfano popote pengine na tunaipa saba. Tatu zimekwenda kwa namba zisizo na vizio na kwa sampuli ya nasibu inayokuja bila kuombwa.

Ukishasakinisha, pima kwa `CCM89(Rv=3.1)` kabla ya kugusa data yako. Kwenye mikromita 0.55 itoe 0.999, kwenye 2.2 itoe 0.114, na kwenye 0.2174 itoe 3.19. Ya kwanza ikitoka 0.15, umesahau kizio.